Benedicto Kiwanuka

Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka (8 Mei 1922 – Septemba 1972) alikuwa mwanasheria na mwanasiasa wa Uganda. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo na pia raia wa kwanza wa Uganda kuwa Jaji Mkuu wake. Anakumbukwa hasa kwa kutetea uhuru wa mahakama wakati wa utawala wa kijeshi wa Idi Amin.

Maisha ya awali na elimu

Kiwanuka alizaliwa katika eneo la Masaka, Buganda, katika familia ya Kikatoliki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihudumu katika jeshi la Uingereza. Baada ya vita alifanya kazi katika Mahakama Kuu mjini Kampala, kisha akasoma katika chuo cha Pius XII huko Roma, Basutoland (leo Lesotho). Kutoka hapo alikwenda London kusomea sheria, akapokewa kuwa wakili mwaka 1956. Aliporudi Uganda alifungua ofisi yake ya uwakili.

Siasa

Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha Democratic Party (DP). Katika uchaguzi wa mwaka 1961, uliosusiwa na sehemu kubwa ya Buganda, DP ilipata viti vingi bungeni ingawa chama cha UPC kilipata kura nyingi zaidi. Kiwanuka akawa kiongozi wa serikali, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wakati Uganda ilipopewa madaraka ya ndani. Mwezi uliofuata DP ilishindwa na muungano wa UPC na Kabaka Yekka, hivyo Milton Obote ndiye aliyeiongoza nchi kupata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962.

Mwaka 1969 serikali ya Obote ilimweka Kiwanuka kizuizini. Aliachiliwa na Idi Amin baada ya mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971.

Jaji Mkuu

Katikati ya mwaka 1971 Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu. Wakati huo askari walikuwa wakikamata raia na kuwafungia katika kambi za jeshi bila kuwafikisha mahakamani.

Septemba 1972 Kiwanuka alisikiliza ombi la kuachiliwa kwa mfanyabiashara Mwingereza aliyekuwa akishikiliwa na jeshi. Aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata, akaamuru aachiliwe. Hukumu hiyo ilimhusu mtu mmoja, lakini ilimaanisha kwamba raia wengine wengi walikuwa wakishikiliwa kinyume cha sheria.

Kifo

Tarehe 21 Septemba 1972, siku chache baada ya wafuasi wa Obote kuvamia Uganda kutoka Tanzania, watu wenye silaha waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala mchana na kumchukua Kiwanuka kwa nguvu. Hakuonekana tena. Serikali ilikana kuhusika, lakini inakubalika kwamba aliuawa na watu wa Amin mwezi huohuo. Mwili wake haukupatikana, na familia yake haikuweza kumzika.

Kumbukumbu

Mahakama ya Uganda huandaa mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka, ambapo majaji na mawakili hujadili utawala wa sheria na haki za raia.