Gutmann wa Kidia na Vijana Waliokuwa Ngao

Mwamshe mwanafunzi wa ualimu saa nane za usiku, umuulize wanasaikolojia wa makuzi. Atakutajia Piaget, Vygotsky na Erikson bila kukohoa, maana tumewakariri kwa ajili ya mtihani. Lakini yupo mtu aliyeishi hapo juu tu, Kidia, Old Moshi, akaandika juzuu tatu nene kuhusu namna kijana wa Kichagga alivyofundishwa mpaka akawa mtu mzima. Mimi niko mwaka wa tatu, na darasani sijamsikia akitajwa hata mara moja. Jina lake ni Bruno Gutmann.

Tuseme ukweli mapema: hakuwa mwanasaikolojia wa cheti, alikuwa mchungaji. Alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1876, akasomea umisionari Leipzig. Katika mji huohuo Wilhelm Wundt alikuwa amefungua, mwaka 1879, maabara inayohesabiwa kuwa ya kwanza ya saikolojia duniani. Wundt aliamini kwamba akili ya mtu huwezi kuielewa yote maabara, lazima pia utazame lugha, mila na jamii yake. Wazo hilo Gutmann alikuja nalo mlimani.

Alifika mwaka 1902, miaka miwili tu baada ya Wajerumani kumnyonga Mangi Meli palepale Old Moshi. Fikiria kijana wa wakati ule. Mangi wake ameuawa, kodi imeingia, shule ya misheni inamfundisha kitu kimoja na babu yake anamfundisha kingine. Gutmann alianzisha kituo cha Masama, kisha tangu 1910 akawa mchungaji wa Old Moshi. Baada ya vita Waingereza waliwaondoa wamisionari wa Kijerumani, naye akaondoka mwaka 1920. Alirudi katikati ya miaka hiyo ya 1920 akakaa mpaka 1938.

Kilichomtofautisha na wamisionari wengi ni kwamba alikaa chini akasikiliza. Alijifunza Kichagga, akawaomba wazee wamweleze mafunzo waliyowapa vijana wakati wa kuingia utu uzima. Wazee walikuwa na mregho, fimbo yenye alama zilizochongwa, na kila alama ilikuwa na somo lake: mwili, ndoa, uzazi, adabu kwa wakubwa, wajibu kwa ukoo. Kwa lugha yetu ya ualimu, ile fimbo ilikuwa mtaala na zana ya kufundishia kwa wakati mmoja.

Mafunzo hayo aliyachapisha Ujerumani kati ya 1932 na 1938, kwa Kichagga na tafsiri ya Kijerumani. Hayakutoka kama kitabu cha dini. Yalitoka katika mfululizo wa kazi za saikolojia ya makuzi uliosimamiwa na Felix Krueger, profesa aliyerithi kiti cha Wundt pale Leipzig. Yaani wazee wa Kilimanjaro waliingia kwenye rafu za saikolojia kabla wengi wa mababu zetu hawajazaliwa.

Hoja yake kuu ilikuwa hii: mtu hukua ndani ya vifungo vitatu, yaani ukoo, ujirani na rika. Ukimtoa kijana humo ukampa kitabu na mshahara peke yake, anakuwa kama mgomba uliong'olewa kihambani ukasimamishwa kwenye lami. Kwa hiyo hakuishia kuandika tu. Zamani vijana waliopitia mafunzo waliunganishwa wawili wawili, kila mmoja akawa ngao ya mwenzake maisha yote. Gutmann aliuchukua utaratibu huo akauingiza kwenye darasa la kipaimara. Mwanafunzi alipewa mwenzake, na ilikuwa kazi yake kujua huyo mwenzake ameamkaje, amekula, ana shida gani nyumbani.

Simfanyi malaika. Katika mila zile kulikuwa na ukeketaji wa wasichana, jambo ambalo leo hakuna wa kulitetea. Gutmann mwenyewe aliuogopa mji, aliiogopa fedha, na maneno yake kuhusu damu na ardhi yalikaribiana mno na yale yaliyokuwa yakivuma Ujerumani miaka ya 1930. Wapo Wachagga waliosoma waliomwona kama mtu anayetaka kuwabakiza jana. Naye O. F. Raum, mtoto wa mmisionari mwenzake, alipochapisha kitabu chake kuhusu utoto wa Wachagga mwaka 1940, alionyesha watoto wanaobisha, wanaocheza kwa kuwaigiza wakubwa na kuwacheka. Kifungo si lazima kiwe kitamu kwa kila aliyefungwa.

Lakini ile ngao siwezi kuiacha. Mwaka jana, hosteli moja hapa mjini, mwenzetu alidisko. Alikuwa na sapu, bumu lilichelewa, akaacha kwenda kula, akawa analala mchana kutwa. Chumba kina watu sita. Kila mmoja aliona kidogo, na haikuwa kazi ya mtu yeyote kuuliza. Mshauri wa wanafunzi ni mmoja na sisi ni maelfu. Hata angekuwa bingwa asingelijua godoro la nani halijatandikwa siku nne. Ugonjwa wa akili unahitaji mtaalamu, hilo halina mjadala, ila kabla ya mtaalamu lazima awepo wa kuona na wa kusindikiza mpaka mlangoni.

Gutmann alifariki Ujerumani mwaka 1966, akiwa na miaka 90. Mfumo aliouandika ulikuwa wa wazee wa mlima huu, si wake, kwa hiyo hatuhitaji ruhusa ya mtu kuutumia. Serikali yetu ya wanafunzi inaweza kuanza wiki ile ya kuwapokea mwaka wa kwanza: kila anayesajiliwa aondoke na ufunguo wa chumba, ratiba, na jina la mwenzake mmoja wa kumjulia hali. Bajeti yake ni karatasi na kalamu.