Lyman Spitzer na bomba la nambari 8

Leo tumwongelee mzee Lyman Spitzer, Mmarekani aliyezaliwa Toledo, Ohio, mwaka 1914. Wengi wanamjua kwa darubini: mwaka 1946 aliandika kwamba darubini ipelekwe juu ya angahewa, na Hubble ikarushwa kweli 1990. Safi. Ila mimi kinachonikuna ni mashine yake nyingine, ile iliyomtoa jasho.

Machi 1951 Rais Perón wa Argentina alitangaza kwamba mtaalamu wake, Ronald Richter, ameweza kuunganisha viini vya atomu kama lifanyavyo jua. Lilikuwa changa la macho. Lakini habari zilimkuta Spitzer anajiandaa kwenda Aspen kuteleza kwenye theluji, na huko mlimani, kwenye kiti cha umeme cha kupandisha watu, akawa anawaza: plazma yenye joto la mamilioni ya nyuzi utaiweka kwenye chombo gani? Ikigusa ukuta tu, inapoa. Basi ishikwe na sumaku.

Sasa hapa ndipo patamu. Chukua bomba, liunganishe kama tyubu ya baiskeli, lizungushie nyaya za umeme. Upande wa ndani nyaya zinabanana, kwa hiyo sumaku ya ndani ina nguvu kuliko ya nje, na chembe zinahama kidogo kidogo mpaka zinagonga ukuta. Spitzer akalikunja bomba kama nambari 8, ili chembe ikisukumwa juu huku, kule isukumwe chini. Akaiita stelareta. Mwaka huohuo serikali ikampa dola 50,000, kazi ikaanza Princeton kwa jina la mlima, Mradi Matterhorn. Jamaa alikuwa mpanda milima hasa. 1965 yeye na mwenzake walikuwa wa kwanza kufika kilele cha Mlima Thor, Kanada.

Mashine ya kwanza ilikaa mezani. Zikaja kubwa zaidi, lakini plazma ilivuja haraka mno. Mwaka 1968 Warusi wakaonyesha matokeo ya tokamaki yao, T-3, yakawaacha wote nyuma. Princeton wenyewe 1970 wakaigeuza stelareta yao kubwa, Modeli C, kuwa tokamaki. Nyumbani kwake kabisa!

Wapo wanaosema mzee alipotea njia. Nakataa. Tokamaki hupitisha umeme mkubwa ndani ya plazma yenyewe, na umeme huo ukikatika ghafla mashine inaumia. Stelareta haihitaji umeme huo, inaweza kwenda mfululizo. Taabu yake ni koili: lazima zipindwe kwa vipimo vya ajabu, hesabu ambazo kompyuta za 1951 zisingeziweza. Na hata ukiwa na kompyuta, kuzitengeneza ni kasheshe. Princeton walijaribu tena na NCSX, gharama zikapaa, ikafutwa 2008.

Wajerumani wa Greifswald walikomaa. Wendelstein 7-X ina koili 50 zilizopindapinda, zimepoozwa karibu nyuzi 270 chini ya sifuri. Iliwashwa Desemba 2015, na Februari 2023 ikashikilia plazma kwa dakika 8. Umeme wa kuwasha hata balbu haijatoa, tusidanganyane.

Spitzer alifariki Machi 1997, miaka 82. Hubble aliiona ikifanya kazi, hii hakuiona. Mwenye swali la koili atupie hapo chini.