Sheikh Al-Amin Mazrui: Kadhi aliyepima siasa kwa mizani ya dini

MWAKA 1930 karatasi ndogo iliyoandikwa kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu ilianza kupita mikononi mwa watu wa Mombasa. Iliitwa Sahifa, yaani ukurasa, na jina hilo lililingana na umbo lake. Aliyeiandika alikuwa mwanazuoni wa dini mwenye umri wa miaka 39, ambaye alikwisha kutambua kwamba darasa za msikitini pekee hazitoshi kuwafikia Waislamu wa mji uliokuwa ukibadilika mbele ya macho yao.

Mwanazuoni huyo alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Leo wasomaji wengi wa mijini humfahamu zaidi kwa kuwa baba yake marehemu Profesa Ali Mazrui, msomi wa sayansi ya siasa aliyefariki dunia mwaka 2014. Hata hivyo, swali lililomshughulisha Sheikh huyo maisha yake yote ni lile lile ambalo jamii nyingi za sasa hazijalimaliza: dini ina nafasi gani katika fikra za siasa, hasa pale mamlaka yanapokuwa mikononi mwa watu wa imani nyingine?

Ukoo wa watawala na wanazuoni

Sheikh Al-Amin alizaliwa Mombasa mwaka 1891 katika ukoo ulioonja utawala na kuupoteza. Wamazrui walioasili Oman waliitawala Mombasa kwa takriban karne moja hadi mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan alipouvunja utawala wao na kuutia mji huo chini ya himaya yake iliyokuwa na makao Zanzibar. Baada ya hapo, baadhi ya watu wa ukoo huo walipata heshima yao katika elimu badala ya silaha.

Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui, alikuwa miongoni mwa maulamaa waliosifika katika mwambao. Mafundisho yake ya madhehebu ya Shafi yalimgombanisha na Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyefuata madhehebu ya Ibadhi, hata akatiwa kifungoni. Alipata uhuru wake baada ya Sultani huyo kufariki mwaka 1888. Kwa hiyo, kabla hata Al-Amin hajazaliwa, nyumba yao ilikuwa imejua kwamba neno la mwanazuoni linaweza kuchukuliwa na mtawala kama jambo la siasa, hata pale mtawala mwenyewe ni Mwislamu.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, mwanawe akiwa bado mtoto mdogo. Mwaka uliofuata mambo yalibadilika upesi. Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na kwa makubaliano ya Desemba 1895 ikachukua madaraka ya kuuendesha ukanda wa pwani wa maili 10 kwa kumlipa Sultani wa Zanzibar kodi ya kila mwaka, huku bendera yake ikiendelea kupepea. Katika kipindi hicho hicho Mbarak bin Rashid wa ukoo wa Mazrui aliongoza uasi dhidi ya Waingereza. Uasi huo ulizimwa mwaka 1896 na kiongozi wake akakimbilia Tanganyika iliyokuwa chini ya Wajerumani. Wakati huo huo ujenzi wa reli ulianza Mombasa kuelekea bara.

Huo ndio mji aliokulia Al-Amin. Malezi na masomo yake ya awali yalikuwa chini ya jamaa yake, Sheikh Sulaiman bin Ali Mazrui, ambaye naye alifikia cheo cha Kadhi Mkuu. Kisha alikwenda Zanzibar, iliyokuwa kitovu cha elimu ya Kiislamu Afrika Mashariki, akasoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir. Sayyid Ahmad mwenyewe alikuwa kadhi katika Zanzibar ya Masultani waliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Mwanafunzi wake aliweza kuona kwa karibu jinsi mwanazuoni anavyotumikia sharia ndani ya dola ambayo hana sauti ya mwisho juu yake.

Upepo kutoka Cairo

Mwanzoni mwa karne ya 20 ulimwengu wa Kiislamu ulikuwa katika mjadala mkali. Nchini Misri, Sheikh Muhammad Abduh alifundisha kwamba imani ya Kiislamu haigombani na akili wala na sayansi. Mwanafunzi wake, Rashid Rida, aliyasambaza mawazo hayo kupitia jarida la Al-Manar, lililoanza kuchapishwa Cairo mwaka 1898. Jarida hilo liliwafikia wasomi wa mwambao waliojua Kiarabu, na Al-Amin alikuwa mmoja wao.

Mjadala huo ulizidi uzito mwaka 1924 serikali mpya ya Uturuki ilipoufuta ukhalifa. Kwa mara ya kwanza Waislamu walijikuta hawana hata jina la kiongozi mmoja wa wote. Wapo walioona kwamba umefika wakati wa kuitenga dini na utawala moja kwa moja, kama walivyofanya Waturuki, na wapo walioona kwamba hakuna tiba ila kujifungia na kuyakataa yote yaliyotoka Ulaya.

Sheikh Al-Amin hakuifuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Kwake, dini ilikuwa mizani. Jambo jipya lilipokuja, swali lake halikuwa limetoka kwa nani, bali lina manufaa gani na linamfanya mtu kuwa nani. Elimu ya hesabu, ufundi, bidii ya kazi na ushirikiano katika biashara yalikuwa mambo ambayo Mwislamu hakuwa na udhuru wa kuyaacha kwa sababu tu Mzungu ameyatangulia. Ulevi na mavazi ya kuiga vilikuwa jambo jingine.

Kalamu yaingia mjini

Sahifa ilifuatiwa mwaka 1932 na gazeti la Al-Islah, neno lenye maana ya marekebisho, lililoandikwa kwa Kiswahili na Kiarabu. Magazeti hayo mawili yanahesabiwa miongoni mwa ya kwanza ya Kiislamu kuandikwa kwa lugha ya Kiswahili.

Uamuzi wa kutumia Kiswahili ulikuwa na uzito wake. Kwa muda mrefu elimu ya juu ya dini katika mwambao ilikuwa ikiandikwa kwa Kiarabu, na mjadala wa maulamaa ulibaki baina yao. Wakati huo huo wamisionari walikuwa wakichapisha kwa Kiswahili kwa bidii, na tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa lugha hiyo, iliyotoka mwaka 1923, ilikuwa kazi ya padri wa Kianglikana, Godfrey Dale. Kwa kuandika kwa lugha ya sokoni na ya nyumbani, Sheikh Al-Amin aliwafungulia mlango watu ambao hawakuwahi kuulizwa maoni yao.

Makala zake zilikuwa fupi na kali. Aliwakumbusha wasomaji kwamba waliowatawala hawakupata nguvu kwa bahati, bali kwa elimu, utaratibu na umoja. Lawama yake kubwa ni kwamba watu wa mwambao waliiga maganda wakaacha kiini: walichukua nguo na starehe za Mzungu, lakini hawakuchukua bidii yake ya kusoma wala tabia yake ya kushirikiana na wenzake. Alikemea gharama za harusi na matanga zilizowaacha watu na madeni. Aidha, alipinga desturi alizoziona kuwa ni uzushi katika dini, na alihimiza watoto wa kike wapate elimu.

Kwa mtazamo wa leo baadhi ya mambo hayo yanaweza kuonekana ni mawaidha ya kawaida. Ikumbukwe, hata hivyo, hali iliyokuwapo. Makao makuu ya serikali yalikuwa yamehamia Nairobi tangu mwaka 1905. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa pwani kuthibitisha madai yao kwa karatasi, na ardhi nyingi iliangukia mikononi mwa serikali au wanunuzi. Shule za serikali kwa Waislamu zilikuwa chache, nao wazazi wengi walizihofia shule za misheni kwa kuchelea watoto wao kubadilishwa dini. Katika hali hiyo, kuzungumzia elimu, matumizi ya fedha na umoja ilikuwa ni kuzungumzia nani atakuwa na kauli katika nchi. Hakuhitaji kuanzisha chama ili maneno yake yawe ya siasa.

Kalamu hiyo ilikuwa na mipaka yake pia. Utawala wa kikoloni uliwagawa watu kwa makundi, na katika miaka ya 1920 suala la nani ahesabiwe Mwarabu na nani Mswahili lilizua uhasama mkubwa Mombasa, kwa kuwa haki ya kupiga kura ilifuata mgawanyo huo. Sheikh Al-Amin aliwaita Waislamu kwenye umoja, lakini yeye mwenyewe alitoka katika ukoo uliokuwa upande wenye nafasi. Vile vile, vita vyake dhidi ya uzushi viliwagusa Waislamu wengi walioziona mila hizo kuwa sehemu ya ibada na mapenzi yao kwa Mtume. Mgongano huo ulibaki katika jamii ya Waislamu wa pwani muda mrefu baada ya yeye kuondoka.

Kadhi katika dola ya wengine

Mwaka 1932, mwaka ule ule Al-Islah lilipoanza, Sheikh Al-Amin aliteuliwa kuwa Kadhi wa Mombasa. Gazeti halikudumu zaidi ya mwaka 1933. Mwaka 1937 alipanda na kuwa Kadhi Mkuu, wadhifa alioushika hadi alipofariki dunia mwaka 1947.

Hapo ndipo penye jambo gumu katika maisha yake. Mtu aliyewaonya wenzake wasimezwe na watawala alipokea mshahara wa serikali ya watawala hao. Mahakama aliyoiongoza ilikuwa imebakiziwa hasa mambo ya ndoa, talaka na mirathi, huku jinai, kodi na ardhi vikiwa chini ya sheria za Kiingereza. Dola ya kikoloni iliheshimu sharia kwa kuipa chumba kimoja ndani ya nyumba kubwa, na funguo za nyumba zikabaki kwa mwenyewe.

Wapo wanaoweza kuliona hilo kuwa ni kusalimu amri. Lakini angekataa, hukumu za ndoa na urithi za maelfu ya Waislamu zingeangukia kwa mtu mwenye elimu ndogo zaidi au asiye na ujasiri. Mjomba au mama mjane aliyekuja kudai fungu lake la shamba alihitaji kadhi anayejua sharia na asiyenunulika, siku hiyo hiyo, bila kusubiri uhuru wa nchi. Sheikh Al-Amin alichagua kukilinda chumba kile kimoja.

Hakuacha kuandika. Alitunga vitabu vya kufundishia dini kwa Kiswahili na akaandika kwa Kiarabu historia ya utawala wa Wamazrui wa Mombasa, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiingereza. Aidha, alianza kazi ya kuifasiri na kuieleza Kurani kwa Kiswahili, kazi ambayo hakujaaliwa kuikamilisha. Mwaka 1944 baadhi ya makala zake za gazetini zilikusanywa katika kitabu kilichoitwa Uwongozi.

Urithi uliogawanyika njia nyingi

Fikra zake ziliendelezwa na wanafunzi wake. Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, na mwaka 1972 akaanzisha gazeti lake, Sauti ya Haki. Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Zanzibar, aliyemrithi katika ukadhi mwaka 1968, ndiye aliyewapatia Waswahili tafsiri kamili ya Kurani iliyochapishwa mwaka 1969.

Mwanawe Ali alikuwa na umri wa miaka 14 baba alipofariki. Mzee alikuwa na matumaini ya kumpeleka Al-Azhar, Misri, akawe mwanazuoni wa dini. Kijana huyo badala yake alisoma Uingereza na Marekani, akafundisha Makerere, na mwaka 1986 akaiambia dunia kupitia televisheni kwamba Afrika ina urithi wa aina tatu: wa wenyeji, wa Kiislamu na wa Magharibi. Yeyote aliyezisoma makala za Al-Islah anaweza kusikia ndani ya wazo hilo mjadala ulioanzia katika nyumba ya kadhi.

Suala la mahakama zenyewe halikufa. Oktoba 1963, Kenya na Zanzibar zilipokubaliana kwamba ukanda wa pwani uwe sehemu ya Kenya huru, kulindwa kwa mahakama za kadhi kulikuwa sehemu ya makubaliano hayo. Miaka zaidi ya 40 baadaye, katika kura za maoni za mwaka 2005 na 2010, mahakama hizo ziligeuka kuwa hoja moto. Baadhi ya viongozi wa makanisa walisema dola isiyo na dini haipaswi kuiwekea dini moja mahakama. Waislamu nao walijibu kwamba wanadai ahadi ya tangu uhuru. Katiba iliyopitishwa mwaka 2010 ilizibakiza mahakama hizo, kwa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kuhukumiwa na kadhi.

Ni chumba kile kile alichokilinda Sheikh Al-Amin, ingawa nyumba sasa ina wenyewe wengine. Makala zake nazo zimerudi kusomwa, baada ya Uwongozi kutafsiriwa kwa Kiingereza na wasomi katika miaka ya 2010. Wanaozifungua humkuta mwandishi anayewauliza wasomaji wake wamejifunza nini mwaka huu, na fedha zao zimekwenda wapi.