Eisenhower: Jenerali aliyeuliza bei ya kombora

Kijana mwenzangu, ukisikia mwanajeshi amekuwa rais, huenda ukadhani kazi yake ya kwanza ni kununua silaha hadi ghala zifurike. Basi mjue Dwight Eisenhower, Rais wa 34 wa Marekani. Alikuwa jenerali wa nyota tano, lakini akiletewa orodha ya makombora alitaka kujua kwanza ni pesa ngapi, na nani atakosa nini zikilipwa.

Alizaliwa Oktoba 14, 1890 mjini Denison, Texas, akalelewa Abilene, Kansas, katika familia ya wavulana sita isiyokuwa na hela za kuchezea. Baada ya shule, yeye na kakake Edgar walikubaliana kupokezana: mmoja asome, mwingine afanye kazi amsaidie karo. Eisenhower ndiye aliyeanza na kazi, tena zamu za usiku katika kiwanda cha maziwa. Mwaka wa 1911 alijiunga na chuo cha kijeshi cha West Point, ambako hakukuwa na karo ya kulipa.

Juni 6, 1944, yeye ndiye aliyekuwa kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, Ufaransa. Kwa hivyo alipoapishwa kuwa rais Januari 1953, nani angemwambia hajui vita?

Aprili mwaka huo aliwahutubia wahariri wa magazeti jijini Washington, akawapigia hesabu. Alieleza kuwa bei ya ndege moja kubwa ya kuangusha mabomu ingetosha kujenga shule za kisasa katika miji zaidi ya 30, au hospitali mbili zenye vifaa vyote. Kwake, kila silaha iliyoundwa ilikuwa kama wizi kwa mtu anayelala njaa.

Kusema ni rahisi. Mtihani wenyewe ulikuja Oktoba 4, 1957, Usovieti iliporusha Sputnik, setilaiti ya kwanza kuzunguka dunia. Wamarekani wakaingiwa na kiwewe. Kama roketi inaweza kufikisha setilaiti angani, itashindwaje kufikisha bomu la nyuklia New York? Kila kona ikawa ni kelele: pesa zaidi, makombora zaidi!

Hebu tazama kisa cha Thor na Jupiter. Thor lilikuwa kombora la Jeshi la Wanahewa, nalo Jupiter lilibuniwa na Jeshi la Nchi Kavu. Yote mawili yalikusudiwa kufika takriban kilomita 2,400, yaani kazi ni ile ile. Mnunuzi makini angechagua moja. Lakini Thor liliundwa na kampuni ya Douglas na Jupiter na Chrysler, na kila upande ulikuwa na majenerali, wafanyakazi na wanasiasa wake wa kuutetea. Baada ya Sputnik, serikali ikaagiza yote mawili. Thor yakapelekwa Uingereza, Jupiter yakaenda Italia na Uturuki. Kufikia mwisho wa 1963, yote yalikuwa yameshaondolewa huko.

Naam, hapo mzee alizidiwa. Hata hivyo, hakukubali kila alicholetewa. Ripoti ya Gaither ilipopendekeza mabilioni ya dola zaidi, yakiwemo ya kujenga mahandaki ya kukinga raia, alikataa sehemu kubwa.

Wapinzani hawakumpa nafasi ya kupumua. Katika kampeni za 1960, John Kennedy alidai Usovieti imeiacha Marekani nyuma kwa makombora. Eisenhower alikuwa na picha zilizopigwa na ndege za kijasusi za U-2, zilizompa sababu ya kutilia shaka madai hayo, ila hangeweza kuzianika hadharani. Akavumilia kuitwa mzembe. Mwaka uliofuata ilibainika kwamba Marekani ndiyo iliyokuwa mbele.

Januari 17, 1961, akiaga kupitia runinga na redio, hakusema silaha zisinunuliwe. Alionya kwamba jeshi na viwanda vya silaha vikishikana vinaweza kupata usemi mkubwa mno serikalini, na kwamba ni raia walio macho pekee wanaoweza kuvidhibiti.

Alifariki Machi 28, 1969 akiwa na umri wa miaka 78. Alizikwa Abilene akiwa amevaa sare zake, ndani ya jeneza la kawaida la wanajeshi, la bei ya dola 80.

Kwa hivyo, kijana, siku utakayoambiwa kuwa kuna kitu lazima kinunuliwe leo hii kwa sababu hatari iko mlangoni, usiogope kuuliza. Hatari hiyo imepimwa na nani? Bei ni ngapi? Anayeuza ni nani, na je, ndiye huyo huyo anayekutisha? Kama jenerali wa nyota tano hakuona aibu kuuliza, wewe unaogopa nini?