Habari za Con Brosnan, Mchezaji Mpira wa Kerry

Wasomaji wetu, upande wa magharibi wa Uingereza kiko kisiwa kiitwacho Ireland, na katika pembe yake ya kusini-magharibi iko wilaya ya Kerry. Ni nchi ya milima, mvua nyingi na malisho ya ng'ombe. Huko, katika kijiji cha Newtownsandes, ambacho siku hizi huitwa Moyvane, alizaliwa mwaka 1900 Cornelius Brosnan, ambaye watu walimkatizia jina wakamwita Con.

Watu wa Ireland wana mchezo wao wenyewe wa mpira, nao si ule tuujuao sisi. Kila upande huwa na watu 15. Mpira hupigwa kwa mguu au kwa ngumi, tena mchezaji ana ruhusa ya kuudaka na kuubeba mikononi kwa hatua chache. Goli lina miti miwili mirefu, na mti mwingine umelazwa kati yake. Mpira ukipita chini ya mti uliolazwa ni goli, nalo huhesabiwa pointi 3. Ukipita juu yake, siku zile ilikuwa pointi 1. Chama cha mchezo huo kiliundwa mwaka 1884. Wachezaji hawakulipwa mshahara, na desturi ilikuwa kila mtu kuichezea wilaya ya kwao. Basi mtu hakuweza kujichagulia wenzake. Alicheza na majirani zake, awapende asiwapende. Jambo hili msomaji alikumbuke, maana habari zote za Brosnan zimejengwa juu yake.

Wakati wa ujana wake Ireland yote ilikuwa chini ya utawala wa Waingereza. Tangu mwaka 1919 mpaka 1921 vijana wengi walishika silaha ili kuupata uhuru, na Brosnan alikuwa mmoja wao. Mwezi wa Desemba 1921 mapatano yalitiwa sahihi mjini London. Sehemu kubwa ya kisiwa ikapewa serikali yake, lakini wabunge walitakiwa kumwapia mfalme wa Uingereza, na upande wa kaskazini ukatengwa. Hapo ndugu wakagawanyika. Wengine waliona heri kukipokea kilichopatikana. Wengine waliona kwamba kukipokea ni kuwasaliti waliokufa. Mwezi wa Juni 1922 vita vikaanza kati yao wenyewe, vikaendelea mpaka Mei 1923.

Brosnan alikuwa upande wa serikali mpya, akawa kapiteni katika jeshi lake. Lakini John Joe Sheehy wa mji wa Tralee, mchezaji hodari, alikuwa kiongozi wa wapiganaji walioipinga serikali hiyo. Joe Barrett, naye wa Tralee, mlinzi imara mbele ya goli, alikuwa upande wa Sheehy, na kwa ajili hiyo alifungwa. Hivyo watu waliokuwa wamezoea kupeana mpira sasa walitafutana kwa bunduki.

Tena katika Ireland yote hapakuwa na mahali ambapo vita vile vilikuwa vikali kuliko Kerry. Tarehe 6 Machi 1923, mahali paitwapo Knocknagoshel, askari 5 wa serikali waliuawa kwa baruti iliyotegwa. Kesho yake, huko Ballyseedy karibu na Tralee, askari waliwachukua wafungwa 9, wakawafunga pamoja kuizunguka baruti, wakailipua. Watu 8 walikufa. Mmoja alirushwa mbali na nguvu za mlipuko, akapona. Mambo kama hayo hayasahauliki upesi. Vita vilipokwisha, watu wa jamaa moja walipishana njiani bila kusalimiana.

Ndipo likaja swali: Je, wilaya ya namna hii itawezaje kuweka kikosi kimoja uwanjani? Mwezi wa Juni 1924 wachezaji wa Kerry walikataa kwenda kucheza mchezo wa mwisho wa kugombea ubingwa wa mwaka 1923, kwa sababu wafungwa wa vita walikuwa bado gerezani. Baadaye, mwezi wa Septemba, walikubali, wakacheza na Dublin, wakashindwa. Lakini lililo kubwa ni kwamba watu wa pande mbili walikuwa wameanza kuvaa tena nguo moja, ya rangi ya kijani na dhahabu.

Watu wa Kerry husimulia mpaka leo jinsi Sheehy, alipokuwa bado akijificha, alivyohitajiwa katika mchezo mmoja. Brosnan, ingawa alikuwa ofisa wa jeshi lililomtafuta, alitoa ahadi kwamba hatakamatwa. Husema kwamba Sheehy alitokea katikati ya watazamaji, akacheza mpaka mwisho, kisha akarudi kati ya watu, akatoweka. Kwa ahadi hiyo Brosnan angeweza kulaumiwa na wakubwa wake, na Sheehy kwa kuiamini aliweka maisha yake mkononi mwa adui.

Mwezi wa Aprili 1925 Kerry walikutana tena na Dublin, kugombea ubingwa wa mwaka 1924. Uwanjani walikuwamo Brosnan, Sheehy na Barrett pamoja. Mchezo ulikuwa mgumu, hapakupatikana hata goli moja. Pande zote zilikuwa na pointi 3, ndipo Brosnan, ambaye mahali pake palikuwa katikati ya uwanja, alipoupiga mpira ukapita juu ya mti. Kerry wakashinda kwa 4 kwa 3. Wilaya iliyokuwa ikizika vijana wake miaka miwili tu iliyopita sasa ilikuwa na jambo moja la kulifurahia pamoja.

Mwaka 1926 walipata ubingwa tena, na kiongozi wa kikosi alikuwa Sheehy. Ndiyo kusema, kapiteni wa serikali aliifuata amri ya yule aliyepigana naye. Kisha Kerry wakawa mabingwa miaka minne mfululizo: 1929, 1930, 1931 na 1932. Brosnan alikuwamo katika ushindi wote huo, hata akapata nishani 6.

Lakini jambo kuu ni la mwaka 1931. Desturi ya Kerry ilikuwa kwamba klabu iliyoshinda nyingine zote za wilaya ndiyo humtoa kiongozi wa kikosi. Brosnan alitoka kijiji kidogo, wala hakuwa na tumaini la kuupata uongozi kwa njia hiyo. Mwaka ule zamu ilikuwa ya klabu ya Barrett, naye Barrett alikwisha kuwa kiongozi mwaka 1929. Heshima ilikuwa yake kwa haki. Akaitoa, akampa Brosnan.

Msifikiri kwamba ilikuwa kazi rahisi. Wengi wa upande wa Barrett walikasirika. Walikumbuka gereza na makaburi, wakaona vibaya kwamba ofisa wa jeshi lile atangulie mbele yao. Barrett hakurudi nyuma. Tarehe 27 Septemba 1931, katika uwanja wa Croke Park mjini Dublin, Brosnan aliwaongoza Kerry, wakawashinda Kildare kwa goli 1 na pointi 11, dhidi ya pointi 8. Akapokea kombe la Sam Maguire kwa niaba ya wote. Mwaka uliofuata Barrett akawa kiongozi tena, na Brosnan akacheza chini yake, wakawashinda Mayo.

Baada ya siku zake za kucheza, Brosnan aliuona mchezo ukiendelea nyumbani mwake, maana mwanawe Jim alikuwa katika kikosi cha Kerry kilichopata ubingwa mwaka 1953 na tena 1955. Con Brosnan alifariki mwaka 1975. Sheehy aliishi mpaka mwaka 1980, asiache kamwe imani yake ya siasa.

Hili nalo litufundishe. Watu hawa hawakupatana kwa sababu walikuja kuwa na wazo moja, wala mpira haukuwafufua waliokufa Knocknagoshel na Ballyseedy. Hawakungoja kwanza ijulikane ni nani aliyekosa zaidi. Mmoja alitoa ahadi akaitimiza. Mwingine alitoa heshima iliyokuwa yake, akavumilia lawama za watu wake mwenyewe. Kila mahali palipo na ugomvi wa zamani kati ya majirani, kuna mtu mwenye kitu anachoweza kukitoa kwanza. Kazi ni kukitoa.