Mrushaji Aliyemwahidi Mamake

Juma hili tumtazame Christy Mathewson, aliyezaliwa mwaka wa 1880 katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kazi yake ilikuwa besiboli. Katika mchezo huo mmoja hurusha mpira kwa kasi na ujanja, na mpinzani mwenye gongo hujaribu kuupiga. Mathewson ndiye aliyekuwa akirusha.

Siku zile wachezaji wa kulipwa walijulikana kwa ulevi, matusi na kamari. Mamake alitamani awe mhubiri. Kijana alipochagua mpira, alimwahidi mama kwamba hatacheza Jumapili, na miaka yote ya kurusha alishika neno hilo. Meneja wake katika New York Giants, John McGraw, alikuwa na hasira na mdomo mchafu kweli kweli, lakini ahadi hiyo aliiheshimu. Walipendana hata wakaishi nyumba moja pamoja na wake zao.

Msidhani alikuwa mnyonge. Oktoba 1905, katika fainali, alirusha mechi tatu ndani ya siku sita, na Philadelphia Athletics hawakupata hata pointi moja kwake. Alistaafu na ushindi 373.

Nisiwafiche: alipogeuka meneja wa Cincinnati Reds, timu yake ilicheza Jumapili. Mwaka wa 1917 yeye na McGraw walikamatwa New York kwa sababu hiyo, maana sheria ilikataza.

Lakini kwa ufisadi hakulegea. Mwaka wa 1918 alimsimamisha nyota wake, Hal Chase, akimshuku kuuza mechi. Kisha akaenda jeshini Ufaransa; kesi ikasikizwa yeye hayupo, na Chase akaachiliwa. Fikiria hiyo, ndugu yangu! Mwaka uliofuata, katika fainali, aliketi na mwandishi wa habari akiweka alama kila mchezo uliomtia shaka. Baadaye wachezaji wanane wa Chicago White Sox walifungiwa maisha kwa sababu ya fainali hiyo.

Ufaransa alikuwa amevuta gesi ya sumu mazoezini. Kifua kikuu, kilichokuwa kimemuua nduguye Henry, kikampata naye. Alifariki tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45, siku ileile fainali za mwaka huo zilipoanza. Mwaka wa 1936 walipochaguliwa watano wa kwanza wa Jumba la Heshima la besiboli, ni yeye peke yake aliyekuwa kaburini.