Fourier, mwana wa mshonaji aliyefumbua siri ya umeme mchafu

Kila mhandisi apimaye uchafu wa umeme kiwandani hutegemea hesabu ya mtu aliyefariki kabla ya taa za umeme kuingia majumbani.

Joseph Fourier alizaliwa Machi 21, 1768 mjini Auxerre, Ufaransa. Babake alikuwa mshonaji nguo. Alipotimu umri wa takriban miaka kumi, alikuwa keshafiwa na wazazi wote wawili, akasomeshwa na watawa wa Kibenediktini. Mnamo 1794, wakati wa Mapinduzi, alitiwa mbaroni. Kuanguka kwa Robespierre ndiko kulikomnusuru. Miaka minne baadaye aliandamana na Napoleon hadi Misri, na aliporejea akakabidhiwa utawala wa eneo la Isère, makao yakiwa Grenoble.

Huko, licha ya shughuli za serikali, alichunguza jinsi joto lisafirivyo ndani ya vitu. Katika andiko la 1807 alidai kwamba wimbi lolote linalojirudia, hata likipinda vipi, ni jumla ya mawimbi laini: la msingi, na mengine yenye kasi mara mbili, mara tatu na kuendelea. Lagrange, gwiji wa hisabati, alipinga. Hata Fourier alipotuzwa mwaka wa 1812, waamuzi walilalamika kuwa ithibati yake ilipwaya. Hawakukosea kabisa, Dirichlet ndiye aliyeziba pengo hilo mwaka wa 1829. Fourier alifariki Mei 16, 1830 jijini Paris.

Wimbi la umeme nchini Kenya hujirudia mara 50 kwa sekunde. Kompyuta, taa za LED na vidhibiti vya mota huvuta mkondo kwa vipande, wimbi likapotoka. Ndani yake huzuka mawimbi ya mara 150, 250 na zaidi, yanayochemsha transfoma na nyaya.

Ili kukadiria upotofu huo, kila wimbi la ziada hupigwa mraba, miraba ikajumlishwa, kipeuo cha pili kikatafutwa na kugawanywa kwa wimbi la msingi. Tuseme la msingi ni volti 240, la tatu volti 9 na la tano volti 12: jibu ni 15 kwa 240, yaani asilimia 6.25. Sharti mita inase mizunguko kamili. Ikikatiza mmoja katikati, huonyesha mawimbi yasiyokuwepo.